UZI: Wapya wa Formula 1 karibuni hapa. Kwangu dereva ana maana kuliko gari, anayepinga aje

#1 Mwana_wa_Katuba
Salamu wana-Lubumbashi na majirani wote.

Msimu wa 2026 unaanza Machi 8 kule Melbourne, na wakati kama huu vijana wa mtaani huniuliza swali lilelile: "Yaya (kaka), raha yake iko wapi? Gari zinazunguka, zinazunguka, basi." Huu uzi ni wao.

Kwanza, acha kutazama nani yuko mbele. Mwaka huu timu ni 11, kila timu ina gari mbili, jumla 22. Hizi gari za kiti kimoja haziuzwi dukani. Kila timu inaunda yake, kwa hiyo ya Ferrari na ya Haas hazilingani hata kidogo. Gari mbili za timu moja ndizo zinazofanana. Mpinzani wa kwanza wa dereva, basi, ni mwenzake wa timu. Ukiona mmoja amemaliza wa 9 na mwenzake wa 18, hapo kuna habari, hata kama kamera haikuwaonyesha saa nzima. Mkataba ukikaribia kwisha, mabosi wanawaweka hao wawili kwenye mizani. Mwingine yeyote hahesabiki.

Chagua timu moja ya katikati na ushike majina mawili tu. Anza Jumamosi kwenye mchujo, ambao ni mfupi na unaeleweka haraka: wenye mwendo mdogo wanatolewa awamu kwa awamu hadi wabaki 10. Jumapili pointi ni 25, 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2 na 1. Wa 11 anarudi mikono mitupu, ndiyo maana vita ya nafasi ya 10 huwa kali kuliko ya kwanza.

Dai langu: dereva ana maana kuliko gari. Karibuni.

#2 Corbeau_wa_Kamalondo
Yaya, Jumapili saa tisa ni saa ya mpira wa Mazembe, hilo unalijua vizuri. Lakini kwa dai hili nimeingia.

Mwaka 2020, Bahrain, mbio za Sakhir. Hamilton amepata Covid, Mercedes wanamwazima kijana George Russell kutoka Williams. Kule Williams alikuwa hajapata hata pointi moja. Anaingia kwenye gari la Hamilton, ni mrefu mno kwa kile kiti mpaka anavaa viatu vidogo kuliko saizi yake, anaanza wa pili na kuongoza sehemu kubwa ya mbio. Timu isingemfungia matairi ya mwenzake, halafu tairi lisingetoboka, pale alikuwa anashinda.

Mtu ni yuleyule. Wiki moja kabla, na Williams, alimaliza wa 12. Kilichobadilika ni nini kama si gari?

#3 Kwado_wa_Njanja
Mimi ni mpya kweli. Kazi yangu ni matairi, ya moto, ya gari, ya fuso. Nimetazama picha za hizo gari nikashangaa: matairi hayana meno! Mteja akija na tairi la hivyo namwambia lilikufa zamani, alitupe. Wao ndio matajiri wa dunia, kwa nini wanakimbia na vipara?

#4 Fizikia_Kasapa
@Kwado swali zuri sana, na jibu lake ni nusu ya mchezo wote.

Meno ya tairi kazi yake ni kutoa maji na matope. Barabara ikiwa kavu, kila mfereji kwenye tairi ni mahali ambapo mpira haugusi lami. Wao wanataka mpira wote uguse. Pia mpira wenyewe ni wa aina nyingine, laini, na unafanya kazi ukiwa moto. Kabla ya kufungwa, matairi yanafunikwa blanketi za umeme mpaka nyuzi 70. Yakipoa, gari inateleza kama iko kwenye sabuni.

Mvua ikija wanabadilisha. Rangi ya pembeni inakuambia: nyekundu laini, njano ya kati, nyeupe ngumu. Kijani ni ya unyevu, bluu ni ya mvua kubwa, na hizo mbili zina meno kama unayoyajua. Ile ya bluu kwenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa inatoa zaidi ya lita 60 za maji kila sekunde, tairi moja tu. Fundi wao kwa sasa ni mmoja, Pirelli, tangu 2011.

#5 Cheminot_Mkongwe
Kijana wa Kasapa kaeleza sawa, naongeza kidogo. Kuanzia 1998 hadi 2008 hata matairi ya barabara kavu yalikuwa na mifereji, kwa sababu wakubwa wa mchezo walitaka kupunguza mwendo kwenye kona. Kwa hiyo @Kwado ukikuta picha za Schumacher na Ferrari nyekundu zenye tairi la mistari, picha ni halali. Vipara vilirudi 2009.

Sasa @Corbeau. Nyinyi watu wa Mazembe mkishinda ni kwa akili ya wachezaji, mkifungwa ni uwanja mbaya, nimewazoea. Tazama Red Bull 2024. Gari mbili, rangi moja, mafundi walewale. Verstappen bingwa wa dunia. Mwenzake Perez alimaliza wa 8. Hapo gari ilikuwa na kosa gani upande mmoja tu?

#6 Dereva_wa_Kasumbalesa
Habari za wote. Nasoma nikiwa kwenye foleni ya mpaka, kwa hiyo muda ninao.

Mimi naendesha lori, na niliingia kwenye mchezo huu kwa ajili ya jambo moja: mizani. Ubelgiji 2024, uwanja wa Spa, yule Russell wa @Corbeau alibadilisha matairi mara moja tu, wengi mara mbili, akashinda. Wakapima gari: kilo 796.5. Chini ya 798 hairuhusiwi. Kilo moja na nusu! Wakamfuta, ushindi akapewa Hamilton. Sisi barabarani wanatutesa kwa kuzidisha, wenzetu wanateswa kwa kupungukiwa.

Swali langu: mbona siku hizi sioni wakijaza mafuta katikati ya mbio? Zamani nilikuwa naona.

#7 Cheminot_Mkongwe
Ulichokiona zamani ni kweli. Kujaza mafuta kuliruhusiwa 1994 mpaka 2009, kukapigwa marufuku kuanzia 2010. Mwaka ule wa kwanza, 1994, pale Hockenheim Ujerumani, mafuta yalimwagikia gari la Jos Verstappen, baba yake Max, na moto ukawazingira yeye na mafundi. Alipona. Siku hizi gari inaanza na mafuta yote tumboni, nzito, na inapungua uzito mzunguko kwa mzunguko.

#8 Corbeau_wa_Kamalondo
Mzee Cheminot, mashabiki wa Lupopo mna kumbukumbu ndefu kwa sababu furaha zenu ni za zamani.

Jibu la Perez: ile gari ilitengenezwa kufuata mkono wa Verstappen. Yeye anataka mbele iume kona haraka, nyuma hata ikicheza hana shida. Timu ikaendelea kuivuta upande huo mwaka hadi mwaka. Mwenzake anapewa gari ya mtu mwingine na kuambiwa "endesha". Kwa hiyo hata hapo ni gari, si dereva.

#9 Mwana_wa_Katuba
@Corbeau umenipa ushindi mwenyewe. Kama gari lilifuata mkono wa dereva, mwenye maana ni nani?

#10 Mama_Safi_BelAir
Hamjambo wanangu. Nisaidieni kwa uzito, mimi siko kwenye kubishana. Mwanangu wa kwanza ana miaka 11, ameanza kutazama haya na binamu yake, sasa anasema anataka kuwa dereva. Nikikumbuka mambo ya Senna moyo unaruka. Watu bado wanakufa kule? Na tena binti yangu ananiuliza kwa nini haoni mwanamke hata mmoja. Sikuwa na jibu.

#11 Mwana_wa_Katuba
Shikamoo mama. Nakujibu bila kuficha.

Imola 1994 ilikuwa Jumamosi na Jumapili mbaya kuliko zote. Jumamosi Aprili 30 alikufa Roland Ratzenberger, Jumapili Mei 1 akafuata Senna. Baada ya hapo wakabadilisha karibu kila kitu: viwanja, helmeti, kiti, mikanda ya shingo. Ilipita miaka mingi bila kifo cha dereva kwenye mbio, kisha Suzuka 2014, kwenye mvua, Jules Bianchi aligonga trekta lililokuwa linavuta gari nyingine. Alifariki 2015.

Tangu 2018 kuna kile chuma cha titani kinachopita juu ya kichwa cha dereva, wanakiita helo. Wengi walikichukia, mimi nikiwemo, kwamba kinaharibu sura ya gari. Halafu Novemba 2020 pale Bahrain, Romain Grosjean akapita katikati ya uzio wa chuma, gari ikakatika vipande viwili na kuwaka. Chuma kile ndicho kilichosukuma uzio usimfikie kichwani. Alitoka motoni kwa miguu yake, mikono imeungua. Tangu siku hiyo sijasikia mtu akilalamikia sura.

Hatari haijaisha, mama, nisikudanganye. Lakini mtoto wa miaka 11 anaanza na gokati, na pale kinachoumiza familia zaidi ni gharama.

#12 Nyota_wa_Ruashi
Mama Safi, la binti niachie mimi.

Wanawake walikuwepo. Lella Lombardi wa Italia mwaka 1975 alimaliza wa 6 kwenye mbio za Hispania. Mbio zilikatishwa kwa ajali, pointi zikagawanywa nusu, naye akapata nusu pointi. Mpaka leo ndiye mwanamke pekee aliyepata chochote kwenye ubingwa wa dunia. Na wa bara letu: Desiré Wilson wa Afrika Kusini alishinda mbio za gari za Formula 1 pale Brands Hatch Uingereza mwaka 1980. Yalikuwa mashindano ya Uingereza, si ya dunia, lakini gari zilikuwa ni zilezile na wanaume walikuwa nyuma yake.

Sasa kuna F1 Academy, mashindano ya wasichana yaliyoanza 2023. Mabingwa wake mpaka 2025 ni Marta García, Abbi Pulling na Doriane Pin. Mbio zao nyingi ziko wikendi zilezile za Formula 1. Mwonyeshe hao binti, ni wasichana anaoweza kuwafuata kwa jina.

Ila nakasirika watu wakisema wanawake hawana nguvu ya shingo. Shingo inajengwa. Pesa ya gokati toka miaka minane ndiyo haijengwi, na wazazi wengi wakiwa na pesa hiyo wanamwekea mvulana.

#13 Mama_Safi_BelAir
Asante sana Nyota. Nimemwonyesha Doriane Pin, tayari anataka helmeti. Nawe Katuba asante.

#14 Kwado_wa_Njanja
Nimeelewa vipara. Sasa nataka kujua kubadilisha. Mimi na kijana wangu tukishikana vizuri tairi nne za gari ndogo ni kama robo saa. Wao wanatumia muda gani?

#15 Mwana_wa_Katuba
@Kwado kaa chini. Qatar 2023, McLaren walibadilisha zote nne za Lando Norris kwa sekunde 1.80. Hiyo ndiyo rekodi.

Kila gurudumu lina watu watatu: mmoja na bunduki ya nati, mmoja anatoa la zamani, mmoja anaweka jipya. Wengine wako kwenye jeki ya mbele na ya nyuma. Na gurudumu lina nati MOJA tu, kubwa, katikati. Ndiyo siri.

Na nati hiyo ndiyo balaa. Monaco 2021, Valtteri Bottas yuko wa pili na Mercedes. Anaingia, bunduki inakaa vibaya kwenye nati ya mbele kulia, inaisaga yote inabaki duara. Haishikiki tena. Gurudumu lilikataa kutoka, mbio zake zikaishia palepale, na lilikuja kutolewa kiwandani Uingereza baada ya siku mbili.

Kwenye njia ya piti (ya kuingilia kubadilisha matairi) mwendo una kikomo, kwa kawaida kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo kuingia na kutoka kunakula kama sekunde 20 hivi, kutegemea uwanja. Hapo ndipo akili inapoingia. Niko nyuma yako sekunde moja na nusu, siwezi kukupita. Naingia kabla yako, navaa tairi jipya, napiga mzunguko mmoja wa nguvu zote wakati wewe bado uko na tairi lililochoka. Unapokuja kuingia na kutoka, mimi nimeshapita. Sijakugusa, sijakuona hata kwenye kioo. Wapya wengi wanakosa hiyo kwa sababu wanasubiri gari zipitane kwenye kona.

#16 Kwado_wa_Njanja
Nati iliyosagika! Hiyo naijua kwa jina na ukoo. Sisi tunaipiga patasi na nyundo mpaka inyenyekee. Lakini siku mbili…

#17 Leki_Kampemba
Yaya zangu mimi nilijaribu. Nilianza na Monaco 2024 kwa sababu ni maarufu. Wale kumi wa kwanza walimaliza kama walivyoanza, wa kwanza wa kwanza, wa kumi wa kumi. Saa mbili nzima! Nikafunga nikaenda zangu. Nielezeni, mbona hawapitani?

#18 Fizikia_Kasapa
Ulianza na mbio mbaya kuliko zote kwa mpya, pole. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kumi bora kumaliza vile walivyoanza. Bendera nyekundu ilitoka mzunguko wa kwanza, wote wakabadilisha matairi bure wakati mbio zimesimama, kwa hiyo ujanja wa #15 ukafa kabla ya kuzaliwa.

Lakini sababu kubwa ni hewa. Mabawa na sakafu ya gari vinakandamiza gari chini, na kwenye mwendo mkubwa nguvu hiyo inazidi uzito wa gari lenyewe. Nguvu hiyo inahitaji hewa tulivu. Gari iliyo mbele inaivuruga. Kwa hesabu za Formula 1 wenyewe, gari ya 2021 ikiwa mita 10 nyuma ya nyingine ilipoteza karibu nusu ya nguvu ya kukandamizwa. Sheria za 2022 zilishusha hasara hiyo sana mwanzoni, halafu wahandisi wakaanza tena kuongeza vibawa vya kuvuruga.

#19 Dereva_wa_Kasumbalesa
Njo vile kabisa. Ukiwa na gari ndogo ukaifuata trela kwa karibu toka Likasi, usukani unaanza kucheza wenyewe mkononi. Na pale ni kilomita 80 tu.

#20 Cheminot_Mkongwe
Hewa ni sababu, lakini kwa Monaco si sababu. Uwanja ule ni barabara za mji, kilomita 3.337, na barabara haijapanuka tangu babu zetu. Gari ndiyo imenenepa. Mpaka mwaka jana zilifika mita 2 kwa upana na zaidi ya mita 5 kwa urefu. Zamani mbili zilipita sambamba kwenye kona pale, sasa haziwezi hata madereva wakitaka. Hewa waitengeneze wapendavyo, ukuta hausogei.

#21 Corbeau_wa_Kamalondo
Mimi nasema ni matairi. Sikilizeni redio za timu: "tunza matairi, tunza matairi". Dereva anaendesha polepole makusudi ili tairi lifike mwisho. Pale Monaco 2024 Leclerc alikuwa anavuta msafara wote polepole. Mtu anayetunza tairi hashambulii. Kosa liko kwenye mpira, si kwenye hewa.

#22 Fizikia_Kasapa
Na tairi linachoka haraka kwa nini? Kwa sababu gari iliyo nyuma inateleza, na inateleza kwa sababu ya hewa. Tunarudi kwangu.

#23 Cheminot_Mkongwe
Kijana, Monaco hata tairi likiwa la dhahabu hakuna pa kupita.

#24 Leki_Kampemba
Aksanti, nitajaribu tena na uwanja mwingine. Lingine: haya mambo ni ya wazungu na Waarabu tu? Afrika haijawahi kupata mbio hata mara moja.

#25 Cheminot_Mkongwe
Leki, usiseme hivyo mbele ya wazee. Kyalami, karibu na Johannesburg, walikimbia tangu 1967, na mbio za mwisho zilikuwa 1993, Alain Prost akashinda na Williams. Kabla ya Kyalami kulikuwa na uwanja wa East London, Afrika Kusini hukohuko, ambako Graham Hill alichukua ubingwa wa dunia Desemba 1962. Na mwaka 1979 bingwa wa dunia alikuwa Mwafrika Kusini, Jody Scheckter, ndani ya Ferrari.

Nikupe moja ninayoipenda. Kyalami 1967, John Love, mtu wa Bulawayo, na gari ya zamani aliyoinunua, anaongoza mbio za dunia zikiwa zimebaki mizunguko michache. Mafuta yakaonekana hayatoshi, akaingia kuongeza, Pedro Rodríguez akampita. Love akamaliza wa pili. Bulawayo! Zambia ikiisha tu umeingia Zimbabwe, kwao.

#26 Fizikia_Kasapa
Mzee umeiruka Morocco. Casablanca, uwanja wa Ain-Diab, 1958, mbio za mwisho za msimu. Moss alishinda mbio, Hawthorn akamaliza wa pili na kuchukua ubingwa kwa pointi moja, 42 kwa 41. Ndizo mbio pekee za ubingwa kufanyika Morocco, na dereva Stuart Lewis-Evans alifariki kwa majeraha ya moto aliyoyapata pale.

Tukihesabu gari za kiti kimoja zote, Formula E za umeme zilifika Marrakech mara kadhaa kuanzia 2016, na Cape Town Februari 2023. Cape Town alishinda António Félix da Costa.

#27 Cheminot_Mkongwe
Sahihi kabisa, asante.

#28 Corbeau_wa_Kamalondo
Na mmesahau Kigali iliomba kuandaa, Desemba 2024. Halafu Februari 2025 waziri wetu wa mambo ya nje akamwandikia mkuu wa Formula 1 wasikubali, kwa sababu ya vita mashariki. Mimi namuunga mkono waziri mia kwa mia. Huwezi kupiga honi za sherehe wakati ndugu zetu

#29 Msimamizi
@Corbeau uchungu ni wetu sote, lakini hilo lina uzi wake kule kwenye siasa. Hapa tubaki na mbio.

#30 Nyota_wa_Ruashi
Sawa msimamizi, lakini hili la kwetu halikwepeki. Injini za mwaka huu nguvu yake karibu nusu inatoka kwenye umeme. Formula E ni umeme mtupu. Kobalti nyingi ya dunia inachimbwa hapa, Kolwezi na Likasi na huku kwetu. Kila gari likipita pale kwenye televisheni najiuliza kipande chetu kiko wapi, na kwa nini watoto wa Ruashi wanaujua mfuko wa madini lakini hawajui unakokwenda.

#31 Fizikia_Kasapa
Nyota nakuelewa, ila tuwe makini. Si kila betri ya lithiamu ina kobalti, zile za chuma na fosfeti hazina kabisa, na zinaongezeka sana kwenye magari ya kawaida. Tukitegemea kobalti kama tiketi ya milele tutaachwa.

#32 Dereva_wa_Kasumbalesa
Februari 2025 serikali iliposimamisha kuuza kobalti nje, wengi wetu tulipaki. Nilikaa nyumbani muda mrefu kuliko nilivyotaka. Oktoba wakaleta viwango vya kila kampuni, kazi ikarudi nusunusu. Bei ilipanda, wenye migodi wakafurahi, sisi wa usukani hatukuiona. Kwa hiyo Nyota akiuliza kipande chetu kiko wapi, mimi nakibeba mpaka mpaka, halafu nakiachia pale.

#33 Mwana_wa_Katuba
Uzi umefika mbali, nafurahi. Nirudishe kidogo kwa wapya, maana kuna mabadiliko msiyokutana nayo kwenye video za zamani.

Lile bawa la nyuma lililokuwa linafunguka kwa anayefuata, lililoanza 2011, limeondolewa. Sasa mabawa ya mbele na ya nyuma yanajilaza kwenye sehemu zilizonyooka kwa kila gari. Anayefuata akiwa ndani ya sekunde moja anapata nguvu ya ziada ya umeme. Gari zimepunguzwa upana kwa sentimita 10 na uzito wa chini sasa ni kilo 768. Mzee Cheminot tutaona kama ukuta wa Monaco utasogea.

Saa: sisi wa Lubumbashi tuna bahati. Mbio nyingi za Ulaya ni saa tisa mchana kwetu pia, saa ileile. Melbourne ni Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, unatazama unaenda misa. Brazil ni jioni. Tatizo ni delestaji (mgao wa umeme), kwa hiyo anayejua mahali penye jenereta na abonema ya televisheni aandike hapa.

#34 Dereva_wa_Kasumbalesa
Kule Kamalondo kuna nganda (baa) moja nyuma ya uwanja, mwenye nayo anawasha jenereta kwa mpira. Kwa Formula 1 anataka watu wafike kumi kwanza ndipo awashe.

#35 Kwado_wa_Njanja
Nihesabuni. Nimechagua timu kama mlivyosema, ya katikati: Haas. Majina ni Ocon na Bearman. Huyu Bearman ni nani?

#36 Corbeau_wa_Kamalondo
Umechagua ushahidi wangu! Machi 2024, Jeddah, Sainz wa Ferrari anafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Bearman ana miaka 18, yuko Formula 2, daraja la chini, anaitwa Ijumaa, anawekwa kwenye Ferrari. Mbio yake ya kwanza ya maisha, anamaliza wa 7. Mtoto wa shule! Gari, gari, gari.

#37 Mwana_wa_Katuba
Alianza wa 11 akamaliza wa 7, kwenye uwanja wa kuta pande zote, nyuma yake wakiwa Norris na Hamilton wenye matairi mapya wanamkimbiza. Ukimweka mtoto mwingine wa shule pale anaacha gari ukutani mzunguko wa tano. Na Hamilton 2025 alikuwa kwenye Ferrari msimu mzima, hakupanda jukwaani hata Jumapili moja, Leclerc akapanda mara kadhaa. Gari moja hiyohiyo.

#38 Cheminot_Mkongwe
Wote mnaongea kama mvua haipo. Donington, Uingereza, 1993, Senna hana gari bora, Williams za Prost na Hill ndizo bora. Anaanza wa 4, anasukumwa hadi wa 5, na mzunguko wa kwanza unapoisha ndiye anayeongoza. Mzunguko mmoja. Mvua inafuta gari, inabaki mikono.

#39 Corbeau_wa_Kamalondo
Mzee, na Brawn 2009? Timu iliyouzwa kwa pauni moja, Button akashinda sita kati ya mbio saba za kwanza kwa sababu ya uwazi mmoja chini ya sakafu ambao wengi hawakuufikiria. Mwaka mmoja kabla Button huyohuyo alikuwa na pointi tatu msimu wote. Mikono yake ilikuwa wapi?

#40 Kwado_wa_Njanja
Mimi na kijana wangu tuko wawili kwa ile jenereta ya Kamalondo. Bado nane. Na mniambie kabla ya Jumapili: Ocon na Bearman wakianza na tairi nyeupe wakati wengine wana njano, hapo timu inapanga nini?